Kamera Isiyo na Flashi na Ng'ombe wa Mzee Guyo

Nyinyi wa kidato cha pili mliorithi kamera hii, karibuni kazini. Daftari hili linatembea nayo katika mfuko mmoja wa kitambaa, kwa hiyo kama mmepata kamera bila daftari, mjue kuna mtu amelichana kufungia viazi karai.

Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na minane. Nimeitumikia kamera hii miaka mitatu na nusu, na siku ya kuondoka sikupewa saa ya ukutani wala blanketi kama wastaafu wengine. Mwalimu wa chama cha picha alinishika mkono, akaniangalia usoni kwa huruma, akaniuliza chaja iko wapi.

Urithi wenyewe ndio huu: kamera ndogo ya mfukoni, mlango wa betri unashikiliwa na raba, kioo kina ufa, na flashi ilishakufa kabla sijaanza kazi. Ndiyo maana shule nzima iliniita Flashi, kama vile mwenye kipara anavyoitwa Manywele. Sikulalamika. Mimi ni mtu wa aibu, na jina la utani humsaidia mtu wa aibu, maana watu wakilicheka jina hawakucheki wewe.

Mtaniuliza kwa nini tusitumie simu. Shule hairuhusu simu, na simu ya mama yangu kule nyumbani Idsowe ni ya tochi, haina kamera. Mmeelewa.

Sasa, tatizo la kazi hii katika Garsen ni jua. Mchana watu na mbuzi wamelala kivulini. Ukipiga picha saa nane utapata watu wamekaa wanajipepea na kipande cha boksi. Uhai wenyewe huanza jua likishuka: mpira, ngoma, harusi, mifugo kurudi. Yaani kila kitu kinaanza kukimbia wakati mwanga unakwisha, na nyinyi mmesimama hapo na kamera yenye raba. Kamera gizani hufungua mlango wake wa ndani muda mrefu ili iokote mwanga wa kutosha, na wakati mlango uko wazi aliyekuwa mbele yake ameshapita, ameacha mfuo kama wa uji uliomwagika. Kazi yangu yote ya miaka mitatu na nusu ilikuwa kupigana na uji huo.

Nitawasimulia jinsi nilivyopigana. Nitawasimulia pia picha moja ambayo rafiki yangu Barisa aliitegemea ili asitolewe shule. Lakini lazima tuanze na kuku.

Kamera hii aliitoa kwa chama cha picha mjomba wangu, Mjomba Komora, mwenye studio ndogo pale Garsen mjini. Studio yake ina pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala wawili, mmoja ana miguu mitano kwa sababu mchoraji alijisahau. Siku hizi hapigi sana ila paspoti, na kutoa fotokopi. Aliponipa kamera aliniambia niende nyumbani nikapige kuku wa mama wakiingia bandani magharibi, na nisirudi kwake mpaka nipate mmoja anayeonekana macho.

"Ukimuweza kuku, mpwa wangu, utamuweza bwana harusi," alisema.

Nikamwambia bwana harusi haangushi mavi kwenye lenzi.

"Hujapiga harusi nyingi," akasema.

Wiki tatu nilichuchumaa bandani. Nilipata matako ya kuku kwa wingi. Mama alinitazama kwa mlango wa jikoni, kisha nikamsikia akimuuliza jirani kama watoto wa wengine nao wanasoma hivi.

Nilichojifunza bandani ni hiki, na mkikisahau kila kitu kingine, msisahau hiki. Kuku kabla ya kuruka kupanda kijiti husimama. Ni kidogo sana, kama mtu anayejiuliza kama amefunga mlango. Halafu huruka. Basi usimfukuze kuku na kamera. Elekeza kamera pale atakaposimama, bonyeza kitufe nusu ili kamera ishike umbali mapema, ngojea, na akisimama malizia kubonyeza. Kamera hii ni nzito kuelewa. Ukibonyeza yote kwa pamoja itafikiria kwanza, na kuku hangojei watu wanaofikiria.

Pale chini ya kamera mtaona skrubu fupi yenye kamba. Si uchafu, msiikate. Ikanyageni ncha ya kamba, vuteni kamera juu mpaka kamba ikaze, mkono hautatetemeka. Mjomba alinitengenezea. Ila mjue kamba humtuliza mpigaji, haimtulizi kuku.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya kwenye harusi, kijijini Kulesa. Mjomba alikuwa na homa, akanituma peke yangu. Maarusi walichelewa, sherehe ikaanza jua limezama, ndani ya ukumbi wenye taa moja ya sola iliyotundikwa mbali kama adhabu. Akina mama wakaanza kucheza. Na mimi, badala ya kusogea karibu, nikasimama ukutani nyuma ya viti kwa sababu naona haya kuwasukuma watu wazima, nikavuta zumu mpaka mwisho ili kamera iwalete karibu.

Mkivuta zumu kwenye kamera hii, lenzi inazidi kuwa na giza, na kila mtikisiko unakuzwa. Mimi sikujua. Nilipiga picha mia na kitu. Mama mzaa bwana harusi alitoka na mikono minne na hana kichwa. Alipoziona kesho yake studioni, aliweka kidole kwenye picha, akamuuliza mjomba wangu, "Na huyu shetani ni wa nani?"

Nilitamani niingie ndani ya pazia nikaishi na wale swala.

Mjomba hakutetereka. Alimwambia, "Mama, ni wewe. Ulicheza ukaishinda kamera."

Mama yule aliiangalia tena, akaigeuza, akatabasamu. Alizichukua zote. Nasikia ile ya mikono minne bado iko sebuleni kwake, na akija mgeni humweleza kwamba kamera ilishindwa. Mimi nilichukua somo langu: sogea. Aibu yangu ilikuwa imeharibu harusi ya watu. Kamera ya hali ya chini haina njia ya kumkaribia mtu isipokuwa miguu yako.

Baada ya hapo nilifanya kazi zaidi kwenye bwalo letu la chakula, ambako kikundi cha ngoma kilifanyia mazoezi jioni. Mnaijua taa ya bwalo ilivyo hafifu. Ngoma ilikuwa ya Kipokomo, na mrukaji mkuu alikuwa Barisa, ambaye ni Mworma, mtu wa ng'ombe. Mwalimu alimchagua kwa sababu ni mrefu na akiruka anakaa juu kama amesahau kitu huko. Wapokomo wenzangu walinuna. Lakini mimi nilimpenda Barisa kikazi. Mtu akiruka, kuna nukta moja juu kabisa ambapo hapandi wala hashuki. Ni kusimama kule kule kwa kuku, ila hewani. Barisa alikuwa na nukta ndefu kuliko wote. Picha zake ndizo zile zilizobandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, mpaka mbuzi wa mpishi akala nusu.

Jioni moja, tukiwa kidato cha tatu, aliniita nyuma ya bwalo.

"Flashi, nataka mwakenya."

Nyote mnajua mwakenya ni nini, msijifanye. Ni kile kikaratasi cha majibu mnachoficha kwenye soksi. Nikamuuliza wa somo gani.

"Wa ng'ombe," akasema.

Mambo yalikuwa hivi. Mvua ikikaribia, babu yake, Mzee Guyo, huwatoa ng'ombe huku chini mtoni na kuwapeleka bara, juu huko upande wa Chewele. Likizo iliyopita, wakati wa kukamua, Barisa alitumwa amfungue ndama ampeleke kwa mama yake anyonye kidogo maziwa yashuke. Akampeleka kwa ng'ombe mwingine. Ng'ombe alimpiga ndama teke, watoto wadogo wakacheka, mzee hakucheka. Kwa Waorma hilo ni sawa na kwenda kumchukua mdogo wako chekechea ukarudi na wa jirani.

Mzee hakuwa na ugomvi na shule. Alisema tu kwamba shule imemla mjukuu wake macho. Kwa hiyo akatoa sharti: wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, Jumapili jioni, Barisa atasimama langoni mwa zizi na kumtaja kila ng'ombe anayeingia, kwa jina. Akikosea mmoja, wakihama anahama nao, na vitabu atamwachia mwenzake.

Mwenzake ni mimi. Tulishirikiana dawati. Sikuvitaka vitabu vyake, vilikuwa na michoro ya aibu pembezoni.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Ijumaa nitakwenda naye kwao kama mgeni. Nitapiga picha ng'ombe wakiingia, tutasema ni za kumbukumbu. Jumamosi atajificha nazo, mama yake amnong'oneze majina ya wale asiowajua, akariri. Jumapili atafaulu. Nilimuuliza kwa nini asikae tu Jumamosi jioni akawaangalia ng'ombe wenyewe. Akasema ng'ombe hawakai, wanapita, na babu atamwona akisoma.

Tulifika Ijumaa alasiri, baada ya mwendo mrefu kwa miguu kutoka barabara ya lami. Mzee Guyo alitupokea vizuri. Ni mtu mwembamba, sauti ndogo, Kiswahili chake kifupi na hakipotezi neno. Nilipewa maziwa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi, nikanywa nikamaliza kwa sababu sikujua jinsi ya kukataa. Nikapewa tena. Barisa alimwambia babu yake habari ya picha, mzee akaangalia kamera, akaangalia raba, akasema, "Sawa."

Nilichagua mahali pangu kama bingwa, naomba mnikubalie. Lango la zizi lilikuwa pengo kwenye ua wa miiba ya mathenge. Nikaona ndama waliofungwa ndani wanalia, nikajua kila ng'ombe akifika langoni atasimama kidogo kumtafuta wake. Kuku kabla ya kijiti. Nikakanyaga kamba, nikapunguza zumu yote, nikasogea karibu mpaka mate ya ng'ombe yakanifikia, nikabonyeza nusu, nikangoja.

Wakaja na vumbi, jua likiwa nyuma yao chini kabisa. Wa kwanza akasimama. Nikafyatua. Wa pili, wa tatu. Nilitazama kioo, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nianze kazi: pembe kali, macho yanang'aa, hata mikunjo ya shingo. Mwanga ule, kamera ile, na picha zimetulia kama za paspoti. Nilipiga na moja ya kundi zima waliposongamana langoni, nikataka kujua kama wote wameingia kwenye picha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Mpokomo tu anaweza kulifanya. Kwetu tunahesabu. Tunahesabu mikungu ya ndizi, maembe, maboga. Mama yangu hutuhesabu sisi watoto kabla ya kupakua chakula. Kwa hiyo, mkono wa kulia ukiwa kwenye kamera, niliunyosha wa kushoto nikawaonyesha wale ng'ombe kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nilikuwa nimefika… basi, sitaandika nilikuwa nimefika ngapi.

"Acha."

Hakupiga kelele. Lakini nilishtuka, mkono wa kulia ukafyatua wenyewe, kamba ikalegea, kamera ikayumba. Mzee Guyo alikuwa nyuma yangu.

"Unahesabu?"

Nilikikunja kile kidole.

"Wewe mnunuzi?"

"Hapana, mzee."

"Wewe serikali?"

"Hapana, mzee."

"Basi unahesabu nini?"

Barisa alikuja mbio, akaanza kumwomba radhi kwa Kiorma na Kiswahili kwa pamoja, akasema Flashi ni Mpokomo wa Idsowe, hawa wanahesabu kila kitu, hata ndizi.

"Ndizi haisikii," mzee akasema.

Barisa alinieleza haraka haraka kwamba babu yake hataki ng'ombe wake watajwe kwa idadi, si mbele yao, si mbele ya mtu. Ukiwahesabu ni kama umeanza kuwapunguza. Nilitaka ardhi inimeze. Ningefurahi hata kinyesi kingenimeza, kilikuwepo kingi.

Mzee alinyosha mkono. Nikampa kamera. Nilimwonyesha picha ya kundi, nikidhani uzuri wake utaniokoa. Aliinua kioo karibu na jicho, akapeleka ukucha taratibu juu ya pembe, moja baada ya nyingine.

"Hii inahesabika," akasema. "Mtu akiona hii, amejua. Toa."

Nikatoa. Nikatoa na ile ya pili, na ya tatu, zote. Sitawadanganya, nililia kidogo, lakini kulikuwa na vumbi. Ilikuwa kazi bora ya maisha yangu na nilikuwa naifuta kwa dole gumba langu mwenyewe. Barisa alisimama pembeni, akiangalia mwakenya wake ukifutwa herufi kwa herufi.

Ikabaki moja. Ile ya mshtuko. Uji mtupu: mifuo ya kijivu na nyekundu na nyeusi, vumbi la dhahabu, na pembeni doa kubwa limejaa kona.

"Hii imeharibika, mzee," nikasema. "Nafuta."

Akanishika kifundo cha mkono. Aliiangalia muda mrefu kuliko zote. Kisha akampa mjukuu wake kamera.

"Soma," akasema.

Barisa aliniangalia. Ilikuwa Ijumaa, mtihani ni Jumapili, na karatasi ya maswali ndiyo hii hapa, na haina hata ng'ombe mmoja mwenye kichwa.

Alikikinga kioo kwa kiganja. Halafu akasema polepole, "Huyu ni Dalacha."

Mzee akauliza anajuaje.

"Mfuo wa mguu wa nyuma umekwenda nje. Dalacha anautupa nje tangu akwame matopeni."

Niliinama nikatazama. Kweli, kwenye ule uji palikuwa na mfuo mmoja wa kijivu uliopinda kama mundu. Ile picha yangu nzuri niliyoifuta ilimwonyesha Dalacha amesimama, ng'ombe wa kijivu kama mwingine yeyote. Hii ilikuwa imeshika mwendo wake.

Barisa akaendelea, na kila jina lilivyotoka sauti ilizidi kupata nguvu. Guracha, yule mweusi anayezungusha kichwa, ndiyo maana pembe zake zimeandika duara. Dima, anayesukuma wenzake, ndiyo maana mfuo wake umepita juu ya wa wengine. Akafika kwenye mfuo mdogo, mwembamba, nyuma ya mwingine mkubwa.

"Na huyu ni ndama aliyechoropoka. Anakwenda kwa mama yake." Akameza mate. "Huyu ni mama yake kabisa. Si yule wa siku ile."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, mara moja. Halafu ukucha wake ukaenda pembeni ya kioo, kwenye lile doa kubwa, nene, la rangi ya hudhurungi.

"Na huyu?"

Barisa aliangalia. Akageuza kamera. Akaisogeza, akaiondoa. Mimi nilikijua kile kitu kama ninavyolijua jina langu, lakini nikiongea nimemwibia mtihani. Ndama walikuwa wanalia. Mama yake Barisa alikuwa ameacha kukamua, ameshika kibuyu, anatusikiliza.

"Huyu si wetu, babu," Barisa akasema.

"Wa nani?"

"Wa Flashi. Ni kidole chake. Kile kilichokuwa kinahesabu."

Mzee Guyo aliichukua kamera, akaitazama, akanitazama mimi, akatazama mkono wangu wa kushoto ambao nilikuwa nimeuficha mfukoni. Alianza kucheka kwa ile sauti yake ndogo mpaka akakohoa, mpaka akashika mti wa lango. Akasema neno kwa Kiorma akaingia zizini. Nilimuuliza Barisa amesema nini.

"Amesema Jumatatu nisichelewe darasani."

Wakati wa mvua ng'ombe walihama bila yeye. Barisa alimaliza kidato cha nne pamoja nami, dawati moja, na kwa kadiri ninavyojua bila mwakenya, ingawa siwezi kumwapia kwenye kemia.

Picha ile ndiyo ya kwanza kwenye memori kadi mliyopewa. Msiifute mkidhani ni makosa ya mstaafu. Mjomba Komora alinitolea nakala moja, akaniuliza mara mbili kama nina hakika ni hii, nikaipeleka kwa Mzee Guyo nimeishika kwa mikono miwili. Anaiweka kwenye sanduku lake la bati. Barisa anasema mgeni akija, hasa hawa wanunuzi wenye pikipiki, akauliza mzee ana ng'ombe wangapi, mzee huinuka, hufungua sanduku, humpa ile picha, na kumwambia, "Hesabu."